Port Arthur kwa siku moja: bahari ilikuwa ukuta

Ukitoka Hobart, mji mkuu wa jimbo la Tasmania kusini kabisa mwa Australia, ukasafiri kwa gari kiasi cha saa moja, unafika mahali ambapo nchi kavu hujibana ghafla. Maji husogea kushoto na kulia mpaka kinabaki kipande cha ardhi kisichofikia mita 100 kwa upana. Panaitwa Eaglehawk Neck (neck ni shingo kwa Kiingereza), na ndiyo njia pekee ya nchi kavu ya kuingia au kutoka Rasi ya Tasman. Mwanzoni mwa miaka ya 1830 askari wa Uingereza walipanga hapo safu ya mbwa wakali kutoka ufuo mmoja hadi mwingine, kila mbwa na mnyororo wake, na taa za kumulika usiku. Mbwa wengine waliwekwa juu ya majukwaa ndani ya maji, kwa ajili ya mfungwa ambaye angejaribu kutoroka kwa kuogelea. Leo pamewekwa sanamu ya mbwa. Basi la watalii linasimama, watu wanapiga picha, kisha safari inaendelea kwenda kutazama tao la mwamba liitwalo Tasman Arch, na baada ya hapo gereza la zamani la Port Arthur.

Ziara hizi za siku moja zina watetezi wake na wakosoaji wake, na kila upande una hoja nzito. Wakosoaji wanasema ni kukosa adabu kumpeleka mtu asubuhi akashangae mawimbi, mchana aingie kwenye seli ambamo binadamu mwenzake alipoteza akili, na kabla jua halijazama awe amerudi Hobart kula chakula cha jioni. Uzuri na mateso, wanasema, visiuzwe kwa tiketi moja. Watetezi wanajibu kwamba bila tiketi hizo kuta zile zingekuwa vifusi, na kwamba mtu aliyefika kwa saa nne anajua zaidi kuliko ambaye hakufika kabisa.

Naanza na lawama ya kuchanganya mandhari na gereza, kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi na ndiyo ninayoiona dhaifu kuliko zote. Rasi ya Tasman haikuchaguliwa kuwa gereza halafu ikatokea kuwa nzuri. Ilichaguliwa kwa umbo lake lilelile linalowavuta watalii. Majabali yake ya doleriti, aina ya mwamba mgumu, yaliyosimama kama nguzo zilizopangwa, hufika kiasi cha mita 300 juu ya bahari na yanahesabiwa miongoni mwa marefu zaidi katika kizio cha kusini cha dunia. Bahari iliyo chini yake ni baridi na yenye hasira. Port Arthur yenyewe haikuzungushiwa ukuta mkubwa, kwa sababu ukuta ulikuwa tayari umejengwa na maumbile. Anayesimama Cape Raoul au anayepita kwa boti chini ya Cape Pillar, ncha mbili za rasi hiyo, akaona sili wamejilaza kwenye miamba na mawimbi yakipasuka, anatazama gereza. Kumtenganishia vitu hivi viwili, siku ya mandhari mbali na siku ya historia mbali, ndiko kungekuwa kupotosha. Shida ni kwamba waongozaji wengi huvitenganisha hata ndani ya basi moja: kwanza tunafurahi, halafu tunahuzunika. Mahali pa kuviunganisha ni pale shingoni, na hapo ndipo basi linaposimama kwa muda mfupi kuliko kote.

Historia yenyewe kwa ufupi ni hii. Mwaka 1830 palianzishwa kambi ya kukata mbao, ikapewa jina la Gavana George Arthur aliyetawala koloni hilo, wakati huo likiitwa Van Diemen's Land. Muda si mrefu ikageuzwa kituo cha adhabu kwa waliofanya kosa jingine baada ya kupelekwa koloni. Katika jumla ya wafungwa takriban 162,000 ambao Uingereza iliwasafirisha kwenda Australia kati ya 1788 na 1868, zaidi ya 70,000 walishushwa kisiwani Tasmania, na vifungo vipatavyo 12,500 vilitumikiwa Port Arthur hadi ilipofungwa mwaka 1877. Tangu 2010 imo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, pamoja na maeneo mengine kumi ya wafungwa nchini Australia.

Watetezi wa ziara wana nguvu kubwa wanapozungumzia mawe. Baada ya gereza kufungwa, mji wa Port Arthur ulibadilishwa jina ukaitwa Carnarvon ili doa lisahaulike. Mioto ya 1895 na 1897 ikateketeza mengi. Wapo waliofurahi, maana walitaka kumbukumbu ile ifutike, na nyumba nyingi zilibomolewa au kuuzwa matofali yake. Kilichookoa mabaki hayo ni wageni. Walianza kuja mara tu milango ilipofunguliwa, wakitaka kuona, na baadhi ya waliowatembeza walikuwa wafungwa wa zamani. Jina la Port Arthur lilirudishwa mwaka 1927, kwa sababu ndilo wageni walilolijua. Kwa hiyo anayesema utalii umeivamia historia ya Port Arthur anasahau kwamba isingekuwa utalii asingekuta kitu cha kulalamikia. Jengo kubwa lililo ufukoni, lililokuwa kinu cha unga na ghala kabla ya kufanywa bweni la wafungwa mwaka 1857, limebaki kuta tupu zisizo na paa. Kuta za namna hiyo hazisimami kwa huruma. Zinahitaji vyuma, mafundi na fedha kila mwaka.

Sasa nigeukie upande wa pili, ambako ninaona makosa ya kweli.

Kosa la kwanza ni saa. Tiketi ya kawaida humpa mgeni matembezi mafupi na mwongozaji na safari fupi ya boti bandarini, kisha anaachwa ajitembeze kwenye majengo zaidi ya thelathini. Tiketi hiyohiyo hutumika siku mbili mfululizo, lakini anayekuja na basi la kutwa hana siku ya pili. Katika haraka hiyo kinachobaki kichwani ni kile kinachosimulika kwa urahisi. Kila mwongozaji ana kisa cha Billy Hunt, mfungwa anayesemekana alijivika ngozi ya kangaruu ili aipite safu ya mbwa, askari wenye njaa wakamlenga bunduki wakidhani wamepata kitoweo, naye akapiga kelele kujisalimisha. Watu hucheka, na kisa hicho sioni ubaya wake. Ila dakika tano za kangaruu huchukuliwa kutoka mahali, na mara nyingi huchukuliwa kutoka kwenye Gereza la Upweke.

Hilo lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1840 kwa kufuata mfano wa gereza la Pentonville la London. Waliolibuni waliamini kwamba viboko vinamfanya mtu sugu, lakini ukimya utamrekebisha. Mfungwa alikaa seli peke yake saa 23 kwa siku. Akitoka, alivikwa kofia ya kitambaa iliyofunika uso, asitambuliwe na mwenzake. Aliitwa kwa namba. Hata kanisani kila mmoja alisimama kwenye kijisanduku chake, akimwona mhubiri bila kumwona jirani. Miaka michache kabla gereza halijafungwa, karibu kabisa na jengo hilo ilijengwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Mtu anayefikiria magereza ya leo, ya nchi yoyote, ambayo bado humweka binadamu peke yake kwa miezi na kuita hivyo marekebisho, angepaswa kukaa ndani ya seli ile na mlango ukafungwa, walau dakika tatu, bila mtu kusema neno. Hilo halihitaji bajeti.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Hadithi inayosimuliwa Port Arthur huanza 1830 kana kwamba rasi ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Ilikuwa nchi ya Wapydairrerme, tawi la taifa la wenyeji wa Oyster Bay. Septemba 1830 kambi ya mbao ilianzishwa. Oktoba mwaka huohuo Gavana Arthur, huyohuyo mwenye jina lake bandarini, aliamuru zaidi ya wanaume 2,000 wapange mstari mrefu wa kuvuka nchi: askari, walowezi, na wafungwa pia. Kazi yao ilikuwa kuwaswaga wenyeji kuelekea kusini mashariki mpaka wavuke shingo na kufungiwa ndani ya Rasi ya Tasman. Operesheni hiyo inajulikana kama Mstari Mweusi. Baada ya wiki saba walikamatwa watu wawili na kuuawa wawili, lakini woga ulikuwa umefanya kazi yake, na miaka michache baadaye wengi wa waliosalia wakahamishiwa Kisiwa cha Flinders, ambako walikufa kwa wingi kwa maradhi.

Soma tena tarehe hizo. Shingo ileile iliyowekwa mbwa ili wafungwa wasitoke ilikuwa imekusudiwa kwanza kuwa mlango wa kuwafungia wenye nchi. Gereza lilikuwa wazo la pili. Nionavyo mimi, ziara inayosimama Eaglehawk Neck na kuzungumzia mbwa peke yao imemwonyesha mgeni nusu ya mahali aliposimama. Na wenyeji hawajaisha, ingawa kwa zaidi ya karne moja vitabu vilidai hivyo baada ya kifo cha mwanamke mwenyeji aliyeitwa Truganini mwaka 1876. Wazao wao wapo Tasmania leo na wanajisemea wenyewe. Wapewe nafasi ya kusimulia pale shingoni.

Msomaji wa Afrika ana sababu yake ya kutaka hadithi pana. Katika meli zilizokwenda Tasmania walikuwamo Wakhoikhoi waliohukumiwa na Waingereza kule Cape, Afrika Kusini. Alikuwamo William Cuffay, fundi cherehani wa London ambaye baba yake aliwahi kuwa mtumwa katika kisiwa cha Saint Kitts huko Karibi. Alikuwa kiongozi wa vuguvugu la wafanyakazi waliodai haki ya kupiga kura, akahukumiwa mwaka 1848 kwa kula njama ya uasi. Alisamehewa 1856, akachagua kubaki Hobart, akaendelea kuwatetea wafanyakazi, akafa maskini mwaka 1870. Hakufungwa Port Arthur, lakini mtu anayelala Hobart usiku mmoja kabla ya ziara yuko katika mji wa Cuffay, na hakuna sababu ya kumwacha nje.

Sisi wenyewe hatuna cha kujivunia mbele ya Watasmania katika hili. Boti za Mji Mkongwe hupeleka wageni kila siku Changuu na kuwauzia jina la kisiwa cha gereza, ilhali jengo lililokusudiwa kuwa jela pale miaka ya 1890 lilitumika kuwatenga abiria wenye magonjwa ya kuambukiza, na leo wanachofuata wengi ni kobe. Jina la gereza linauza hata pasipo mfungwa.

Kuna jambo jingine ambalo Port Arthur imelifanya kwa heshima kubwa. Tarehe 28 Aprili 1996 mtu mwenye bunduki aliua watu 35 katika eneo hilo, wengi wao wakiwa wageni wa siku moja kama hawa ninaowazungumzia, na wafanyakazi wa hapohapo. Australia ilibadilisha sheria zake za silaha ndani ya miezi, na bunduki zaidi ya 640,000 zikanunuliwa na serikali na kuharibiwa. Mkahawa walikouawa wengi wao uliachwa kuta tu, na pembeni pakawekwa bustani na kidimbwi cha maji. Wageni huombwa wasiwaulize wafanyakazi habari za siku ile, kwa kuwa wapo waliofiwa. Ukimya wa kidimbwi kile unaonyesha kwamba wasimamizi wanajua kabisa namna ya kuheshimu wafu. Ndiyo maana nashindwa kuzipenda ziara za usiku za mizimu, zinazofanyika kwa taa za mkono hatua chache kutoka hapo. Najua zinaingiza fedha, na najua fedha hizo zinashikilia kuta. Bado, mfungwa aliyefariki 1850 naye ni marehemu, na hana ndugu wa kumwombea staha.

Ng'ambo ya bandari iko Point Puer, gereza la wavulana. Kati ya 1834 na 1849 lilipokea watoto wapatao 3,000, mdogo kuliko wote akiwa na miaka tisa. Walifundishwa useremala, ushonaji viatu na uchongaji mawe, na waliokosea walichapwa. Karibu yake ni Kisiwa cha Wafu, walikozikwa watu wapatao 1,000. Askari na raia huru wako sehemu ya juu wakiwa na mawe ya kaburi yaliyochongwa kwa ustadi. Wafungwa wako chini, wengi bila alama yoyote.

Boti iliyomo katika tiketi ya kawaida huvipita vyote viwili, sauti ya mwongozaji ikitoka kwenye spika. Kushuka ni malipo ya ziada na muda wa ziada, na wa basi la kutwa mara nyingi hawana muda huo. Kama kampuni za Hobart zingeniuliza kitu kimoja tu cha kubadilisha, ningewaambia wafute kituo cha asubuhi katika kijiji cha Richmond, pamoja na daraja lake zuri la mwaka 1825, na saa hiyo waigawe mara mbili: nusu pale shingoni, wakisikilizwa wenye nchi, na nusu hapa kisiwani, abiria washuke wapande taratibu kutoka upande wa chini, wasio na majina, kabla ya kufika kwenye mawe yaliyoandikwa.