Acheni kukata alama kwa "Mimi mgonjwa"

Inaudhi kuona "Mimi mgonjwa" imepigiwa mstari mwekundu katika daftari la mwanafunzi, na pembeni mwalimu ameandika: si sentensi, haina kitenzi. Anayezungumziwa ametajwa, habari yake imetolewa. Yaani kiima (anayezungumziwa) kipo na kiarifu (habari yake) kipo. Kitenzi ndicho hakipo, na hilo ni suala jingine kabisa: kitenzi ni aina ya neno, kiarifu ni kazi inayofanyika ndani ya sentensi. Tukivichanganya, tutawaambia watoto kuwa "Mgeni siku mbili" nayo haijakamilika, ilhali wahenga waliisema hivyo bila kitenzi, kabla ya kuongeza "ya tatu mpe jembe", na kila mtu akaelewa.

Utata wa kweli uko kwenye "mtoto mgonjwa". Katika "Mtoto mgonjwa amelala", neno mgonjwa ni kivumishi ndani ya kiima. Kiarifu ni amelala. Pakiwa na kituo baada ya mtoto, mgonjwa huweza kuwa kiarifu. Ukitaka uhakika, kanusha: "Mtoto si mgonjwa". Kisha badili wakati: "Mtoto alikuwa mgonjwa", "atakuwa mgonjwa". Kitenzi "kuwa" kimeingia kwa sababu njeo, yaani alama ya wakati, inahitaji pa kushikia. Habari yenyewe bado imebebwa na mgonjwa. Tia urejeshi (kiambishi chenye maana ya "ambaye") upate "mtoto aliye mgonjwa", na hiyo -li- ni kishirikishi, yaani kiungo cha kiima na habari yake kama ilivyo "ni", wala haionyeshi wakati uliopita. Wengi huisoma kama wakati uliopita, wakaharibu uchanganuzi mzima.

Tena kuna "Mlango u wazi". Hiyo "u" ni upatanisho mtupu, yaani inafuata ngeli ya mlango tu, ndiyo maana wingi wake ni "Milango i wazi". Ukiiunganisha ukaandika "mlango uwazi", umezaa nomino na kiarifu kimetoweka. Hapo kalamu nyekundu ina kazi. Hata "Jana mimi ni mgonjwa" inastahili kusahihishwa, kwa kuwa "ni" haibebi nafsi wala wakati.

Nakubali, shingo upande, kwamba katika barua ya kuomba kazi ni heri "ni" iandikwe. Anayechanganua sentensi kwa mchoro wa matawi naye anaweza kuweka Ø (alama ya nafasi tupu) chini ya kishirikishi, mradi awaeleze wanafunzi kuwa nafasi hiyo ni ya "ni" iliyoachwa. Asipoeleza, wataikariri Ø kama pambo, na siku wakikutana na "Damu nzito kuliko maji" watatafuta kitenzi mpaka kengele ya mtihani ilie.