Muuguzi Akienda Ng'ambo, Nani Anabaki Wadini?

Nchini Uganda kazi ya ng'ambo huitwa kyeyo, yaani ufagio kwa Kiganda, kwa sababu wengi waliotangulia waliishia kufanya usafi. Neno hilo halimtoshi muuguzi wa hospitali ya Mulago jijini Kampala au mkunga wa Arua anayejiandaa leo kwa mtihani wa Kiingereza ili asajiliwe Uingereza, kwani huyo anaondoka na ujuzi ulioitegemeza wadi nzima.

Haki yake ya kuondoka siitilii shaka. Ibara ya 29 ya Katiba ya 1995 inamruhusu kila Mganda kutoka nchini na kurejea, na fedha ambazo Waganda walio nje hutuma nyumbani, zinazozidi dola bilioni 1 kwa mwaka, zimelipa karo ambazo mshahara wa hospitali ya wilaya usingezimudu.

Watetezi wa uhamaji huongeza hoja nyingine: wahitimu wa uuguzi wamejaa mitaani bila ajira, basi waachwe waende. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, tena kweli inayouma, maana vituo vya afya vina nafasi zilizo wazi huku wenye vyeti wakikaa nyumbani kwa kuwa bajeti ya mishahara haitoshi kuwaajiri. Lakini waajiri wengi wa ng'ambo hawamtafuti aliyemaliza chuo jana. Humtaka yule aliyekwisha kukesha na wagonjwa mahututi, aliyewahudumia akina mama wenye kifafa cha mimba, anayetambua hali ikianza kuharibika kabla daktari hajafika. Na huyo ndiye aliyekuwa akiwafundisha kazi wanaoanza. Akiondoka, aliyekaa nyumbani miaka miwili bila kugusa mgonjwa hawezi kuijaza nafasi hiyo mara moja, hata fedha za kumwajiri zikipatikana.

Kinachonisikitisha zaidi ni muuguzi anayekubali kwenda kuwa mtunzaji wa wazee. Uingereza iliwafungulia watunzaji viza Februari 2022, ikawazuia waombaji wapya kuja na familia kuanzia Machi 2024, kisha Julai 2025 ikafunga uajiri mpya wa watunzaji kutoka nje. Aliyepita njia hiyo bila kusajiliwa katika taaluma yake ameiacha Uganda bila muuguzi, na Uingereza nayo haikupata muuguzi.

Kanuni za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2010, ambazo ni za hiari, zinazitaka nchi tajiri zisisake wahudumu katika nchi zenye upungufu mkubwa, na orodha ya 2023 yenye nchi 55 inaitaja Uganda. Hata hivyo hazimzuii mtu kuomba kazi mwenyewe, na zinaacha nafasi kwa mikataba baina ya serikali. Kati ya 2014 na 2015 serikali ya Uganda ilipanga kupeleka wahudumu zaidi ya 200 Trinidad na Tobago; mpango huo ukapingwa mahakamani, na Ubelgiji ikasimamisha misaada yake kwa sekta ya afya.

Wapinzani walikuwa na haki kuhofia, lakini kukataa mikataba hakujamzuia mtu kuondoka. Kumewaacha wanaoondoka mikononi mwa mawakala, na nchi bila fidia yoyote. Ningeunga mkono mkataba unaoilazimisha nchi inayopokea kulipa mishahara ya wahitimu walio nyumbani, waingie wadini wafundishwe na muuguzi mzoefu kabla hajapanda ndege.