Kidole changu na maandishi ya Kizimkazi

Najua habari ya yaliyonikuta msikitini Kizimkazi mmeshaipata kwa shemeji yangu. Shemeji huyu hajawahi kusimulia jambo bila kulitia chumvi, na mara hii kaongeza na pilipili. Basi nisikieni na mie.

Jumapili niliwachukua wakwe zangu wa Tanga hadi Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, kuona pomboo. Bahari ikachafuka, nahodha akakataa. Nikaona hapa ndipo pa kujipatia heshima. Nikasema, pomboo hata kesho wapo, twendeni nikakuonyesheni msikiti.

Kwa nje utaupita bila kugeuka: chokaa na bati. Baba mkwe akauliza, "Ndio huu?" Nikamwambia subiri tuingie, baba. Na hapo nilikuwa sahihi, mniachie japo hilo. Ndani, kwenye ukuta wa kibla, pana maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye matumbawe, yanataja mwezi wa Mfunguo Pili wa mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msikiti ulijengwa upya mwaka 1184 Hijria, karne ya 18 hiyo, lakini waliojenga hawakuyatupa mawe ya wazee wao. Yamo hadi leo, na watu wanasali mbele yake.

Ningeishia hapo ningekuwa mkwe mwema. Mama mkwe akasema, "Hebu tusomee, mwanangu."

Jamani, Kikufi! Hakina nukta, na hiki cha Kizimkazi herufi zake zimeota majani, zimesukana kama ukili. Nikakohoa. Nikanyoosha kidole. "Bismillahi Rrahmani Rrahim." Hapo salama, hata asiyeona angebahatisha. Kidole kikatembea polepole, nami nikatia sauti ya kisomo. Nikamtaja Sheikh Abu Imran, aliyeamuru ujenzi, maana jina lake nilishalisoma mahali. Baba mkwe akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kidole kikaendelea. Mzee mmoja aliyekaa pembeni na tasbihi akaacha kuhesabu. Nikadhani kaguswa na kisomo. Nikapandisha sauti. Kidole kikaendelea.

"Mwanangu," akasema mzee, taratibu, kama anayemwamsha mgonjwa, "hicho kidole kinakwenda wapi?"

Nikakitazama. Kilianzia kushoto. Kilikuwa kinakaribia kulia.

(Nyie mnaocheka, ndiyo, nilikwenda chuo cha Kurani. Miaka sita. Nilihitimu, nyumbani wakapika pilau.)

Mama mkwe akajiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, lakini mabega yakamsaliti. Shemeji akatoka nje mbio, eti kikohozi. Mzee mwenyewe hakunicheka, na afadhali angenicheka. Akaniuliza kwa huruma kabisa, "Chuo umesoma kwa nani?" Nikataja mtaa, jina la maalim nikalimeza. Marehemu yule kapumzika, kakosa nini?

Mengine yalikwenda haraka: mzee akawasomea wageni, kuanzia kulia, sadaka nikatoa maradufu, baba mkwe akakaa mbele na dereva, hakunisemesha hadi Darajani.

Jana baada ya Magharibi mwanangu wa darasa la pili kaja na juzuu yake, kaifungua magotini kwangu, kaweka kidole kulia.

"Baba, mjomba kasema nikuonyeshe tunapoanzia."