Nyongeza ya wabunge inayokuja yenyewe

Leo asubuhi nimepanda matatu kutoka Umoja, nauli imepanda tena. Mshahara wangu ni ule ule wa miaka mitatu. Nikitaka nyongeza lazima niandike barua, niitwe ofisini, nijieleze.

Mbunge wa hapa Kenya hahitaji barua. Mwaka 2023 Tume ya Mishahara na Marupurupu ilishatangaza kwenye gazeti rasmi la serikali kwamba kuanzia Julai 2024 mshahara wake ungetoka shilingi 725,502 hadi 739,600 kwa mwezi. Tarehe ikifika, pesa inapanda, na hakuna anayeuliza kazi gani imefanyika. Ilibidi vijana wajae barabarani kupinga Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kodi mpya, wengine wakauawa, ndipo nyongeza ikasitishwa. Hilo linaniuma hadi leo.

Naam, Katiba ya 2010 iliipa tume kazi hiyo ili wabunge wasijipangie mishahara. Ni jambo jema. Lakini mama mboga wa mtaani kwetu akiongeza shilingi tano kwa fungu la sukuma, kila mteja anamhoji. Mbunge naye ahojiwe hadharani, kabla ya kila nyongeza.