Wanaosema kujitolea ni kunyonywa tu kuna kitu hawajakiangalia

Mada ya kujitolea ikianza tu lazima atokee mtu aseme kufanya kazi bila mshahara ni mambo ya watoto wa matajiri, maana nani mwingine ana nauli ya kwenda kila siku sehemu asiyolipwa? Hoja ina uzito. Kuna kampuni zinamchukua kijana, zinamwita volontia, anafanya kazi yote ya mwajiriwa, mwaka unaisha hata barua hana. Huo ni wizi wa nguvu za mtu.

Ila tuangalie na utafiti uliotolewa Marekani 2013 na taasisi ya serikali ya huduma za kujitolea, walichukua data za watu zaidi ya 70,000 wasio na kazi, kuanzia 2002 mpaka 2012, wakakuta waliojitolea uwezekano wao wa kupata kazi ulikuwa juu kwa asilimia 27. Sawa. Lakini kwa wale ambao hawakumaliza sekondari ilikuwa 51, na kwa wanaoishi vijijini 55. Hebu zisome tena hizo namba. Kama kujitolea kungekuwa starehe ya wenye nacho si faida ingewaangukia zaidi wasomi wa mjini? Imekuwa kubwa kwa yule asiye na cheti cha kumwonyesha mwajiri, na ukifikiria inaeleweka kabisa, mwenye digrii tayari ana karatasi ya kumsemea, huyu mwingine hana, mpaka apatikane mtu wa kupokea simu aseme namjua huyo, anawahi, nilimwachia funguo za stoo na hakuna kilichopotea.

Utaniambia labda waliojitolea walikuwa na bidii tangu mwanzo, kazi wangepata tu. Inawezekana, utafiti ule unaonyesha uhusiano, hauthibitishi kwamba kujitolea ndiyo sababu. Lakini bidii nayo inaisha jamani. Unakaa nyumbani miezi, unatuma CV hazijibiwi, mwisho unaanza kuamini kweli hufai. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika 1977 kwamba kinachomjenga mtu zaidi aamini anaweza ni kufanya jambo mwenyewe na likafanikiwa, maneno ya kutiwa moyo yana nguvu ndogo kuliko hapo. Na kujitolea ndiyo kunatoa hiyo nafasi. Anayepanga zamu, anayepokea wagonjwa, anayesimama kuongea mbele ya watu sauti inatetemeka, wiki inayofuata inatetemeka kidogo, halafu siku ya usaili akiulizwa aliwahi kumtulizaje mteja mwenye hasira ana kisa cha kweli cha kusimulia, hakariri majibu ya kwenye intaneti.

Kwa hiyo mimi siwezi kumwambia asiye na kazi asijitolee. Aulize kwanza: nauli inarudishwa? Nitajifunza kazi gani hasa? Nani ataniandikia barua, na naishia lini? Siku moja au mbili kwa wiki zinatosha, zinazobaki atafute kazi ya kulipwa. Wakikwepa hilo swali la naishia lini, bora atafute sehemu nyingine mapema.