Binti wa Cherehani na Nyimbo Zisizotungwa Bado

Kwa fundi wa barazani, awe Mombasa au Kariakoo, Singer ni cherehani nyeusi yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Kwa watunzi wa muziki wa Paris wa miaka 100 iliyopita, Singer alikuwa mama mwenye nyumba. Winnaretta Singer, aliyezaliwa Marekani mwaka 1865, alikuwa binti wa Isaac Singer, tajiri wa cherehani hizo hizo, na mwaka 1893 aliolewa na mwanamfalme wa Kifaransa, Edmond de Polignac, mtunzi aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 30.

Wapo wanaowadharau wanawake wa namna hii, matajiri waliofadhili wasanii, kwamba walinunua urafiki wao kwa karamu. Kwa huyu sikubaliani nao. Sisi tuliokulia kwenye taarabu tunajua kutunza: mwimbaji akikugusa moyo, unainuka na noti mkononi unampelekea. Lakini hapo unatunza wimbo uliokwisha kuusikia, ilhali Winnaretta alilipia wimbo ambao haujatungwa, na pengine ungemchukiza. Alimwagiza Stravinsky, mtunzi Mrusi, kazi iliyokamilika mwaka 1916. Aliyoagiza kwa Mhispania Manuel de Falla, opera ya vikaragosi, ilichezwa ukumbini mwake mwaka 1923. Tena aliagiza akijua anachotaka, kwa kuwa aliona enzi ya okestra kubwa imekwisha na akataka kazi za wapigaji wachache. Mtunzi Mfaransa Satie, ambaye alitakiwa kumtungia muziki juu ya kifo cha Sokrate, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimtukana mhakiki mmoja kwa kadi za posta, akashtakiwa naye na kuhukumiwa. Mama huyo akatoa fedha za kumwokoa.

Simfanyi malaika. Mali ile ilitokana na jasho la watu wengi wasioalikwa ukumbini kamwe, wakiwamo washonaji waliolipia mashine zao kidogo kidogo, kwani kampuni ya baba yake ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuuza kwa malipo ya awamu. Hata hivyo, kati ya warithi waliotapanya urithi wa namna hiyo kwenye farasi na kamari, nampa yeye heshima.

Nampa zaidi kwa kisa cha Venice. Mwaka 1891 alimwalika mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré huko, akamtengea chumba tulivu chenye piano ili atunge bila kusumbuliwa. Fauré akakiacha chumba, akawa anakwenda kuketi kwenye meza ndogo ya mkahawa wa Florian, katikati ya zogo la uwanja wa Mtakatifu Marko, na huko ndiko alikotungia. Mwenyeji mwingine angenuna kwa piano iliyokaa bure. Nyimbo tano zilizozaliwa na safari ile, alizozimalizia Paris, Fauré alizitabaruku kwa Winnaretta.