California ilivyobana vibali vya shule za chata, na mwanya uliobaki

Dehesa ni wilaya ya shule ndogo kabisa, iko mashariki mwa kaunti ya San Diego huko California, ina shule yake moja na wanafunzi kama 150 hivi. Ila mpaka 2019 bodi ya Dehesa ndo ilikuwa imetoa vibali kwa shule kadhaa za chata zenye maelfu ya watoto, na wengi wa hao watoto wala hawaishi karibu na Dehesa, wapo kwingine wanasoma nyumbani kwa kompyuta. Sasa ofisi kama hiyo inakaguaje hesabu za shule ambazo ni kubwa kuliko yenyewe mara nyingi tu? Haikagui, inasaini.

Kwa ambaye hajazifuatilia, chata ni shule ya umma, haitozi ada, hela inatoka serikalini kulingana na idadi ya wanafunzi, lakini inaendeshwa na bodi yake yenyewe na imeachiwa nje ya sheria nyingi zinazobana shule za kawaida. Minnesota walianza 1991, California wakafuata 1992. Ili ifunguliwe lazima ipate kibali, na mara nyingi anayetoa ni wilaya ya shule, na wilaya hii sio ile ya kwetu yenye DC na polisi, ni mamlaka ya elimu tu yenye bodi iliyopigiwa kura, bajeti yake na mipaka yake.

Na ugomvi wote uko kwenye hiyo mipaka. Chukulia halmashauri ya Mafia inatoa kibali cha shule ifunguliwe Kinondoni, afu kila mwaka Mafia inakula asilimia yake, Kinondoni inapoteza wanafunzi na hela zao, na mzazi wa Kinondoni akiwa na malalamiko anaambiwa panda boti. California ilikuwa inaishi hivyo kwa miaka.

Hiyo asilimia ndo injini ya mambo yote. Sheria inaruhusu wilaya iliyotoa kibali kuchukua mpaka asilimia 1 ya mapato ya chata kama ada ya usimamizi, na inafika asilimia 3 ikiwa imeipa majengo karibu bure. Juu ya hapo wilaya inaweza kuiuzia chata huduma nyingine kama mishahara, uhasibu na kadhalika. Kwa wilaya kubwa hizo ni hela za chai, ila kwa wilaya ya kijijini ambayo watoto wanapungua kila mwaka na bajeti inakaribia kufeli, chata kumi zilizoko mbali ni uhai. Na hasara haiwapati wao, maana mtoto anayehama anahama kutoka wilaya ya jirani.

Watu wanaongea kama vile haya yalianza juzi, hapana. Mapema 2002 wilaya ya Fresno ilifuta kibali cha GateWay Academy, chata iliyokuwa imefungua vituo kila kona ya jimbo zima la California chini ya kibali kimoja cha Fresno. Mwaka huohuo bunge la California likapitisha sheria ya AB 1994, kwamba chata ikae ndani ya mipaka ya wilaya iliyoipa kibali. Mambo yangeisha hapo, ila sheria ikaachiwa vimlango: chata ikikosa jengo ndani ya wilaya inaweza kutafuta nje, na zile za kusomea nyumbani ziliweza kuwa na "vituo vya rasilimali", yaani sehemu za mwanafunzi kwenda kupata msaada wa masomo, kwingine. Agosti 2004 tu California Charter Academy ikaanguka na kampasi zake karibu 60, watoto wakaachwa wanatafuta shule wiki chache kabla ya masomo kuanza. Vibali vyake navyo vilitoka kwa wilaya chache ambazo wala hazikuwa karibu na kampasi nyingi.

Afu ikaja zamu ya Acton-Agua Dulce, wilaya ya kaskazini mwa kaunti ya Los Angeles, hali yake ya fedha mbaya, ikaanza kugawa vibali kwa chata zilizoko nje ya mipaka yake. Mojawapo ikaingia bonde la Santa Clarita, na wilaya ya Newhall ambayo ndo mwenyeji ikaenda mahakamani. Kwenye bodi ya Newhall wakati huo alikuwepo mama mmoja, Christy Smith. Baadaye akachaguliwa bungeni, na mswada uliokuja kufunga mlango, AB 1507, ni wake. Kwa hiyo ukisikia watu wanasema ile sheria ilitungwa na wanasiasa wasiojua shule, sio kweli, aliyeiandika alishaumia nayo.

Kabla yake wengine walijaribu wakagonga mwamba. Seneta Fran Pavley alipitisha mswada wa aina hiyo 2014, akarudi tena 2016, na mara zote mbili gavana Jerry Brown akautia veto, yaani akakataa kuusaini. Brown mwenyewe alipokuwa meya wa Oakland alianzisha chata mbili, moja ya sanaa na moja ya kijeshi, kwa hiyo hapo usitegemee miujiza. Mahakama ya rufaa ndo ikatangulia, Oktoba 2016, kwenye kesi ya wilaya ya Anderson dhidi ya Shasta Secondary Home School, ikasema kituo cha rasilimali nje ya wilaya lakini ndani ya kaunti ileile hakiruhusiwi. 2017 mkaguzi mkuu wa jimbo akachunguza wilaya tatu, Acton-Agua Dulce, Antelope na New Jerusalem, akakuta zimetoa vibali vya nje ya mipaka bila msingi wa kutosha na usimamizi wenyewe dhaifu.

Kilichomaliza ubishi ni kesi ya A3, kampuni iliyokuwa inaendesha chata. Mei 2019 waendesha mashtaka wa San Diego waliwafungulia kesi watu 11 waliohusika na mtandao wa chata 19 za mtandaoni zilizopata vibali kutoka wilaya ndogondogo, Dehesa ikiwemo. Upigaji wenyewe ulikuwa wa kitoto kabisa. Wanakwenda kwa kocha wa timu ya watoto, wanampa hela kwa kila jina analoleta, watoto wanaandikishwa kama wanafunzi kipindi cha kiangazi, wengine wazazi wao hata hawajui kwamba mtoto "anasoma" mahali fulani, na serikali inalipa. Jimbo lilitoa karibu dola milioni 400 kwa shule hizo, na zaidi ya milioni 50 ziliishia kwenye kampuni na mifuko ya wahusika. Vinara wawili, Sean McManus na Jason Schrock, walikiri makosa 2021. Lakini angalia, wilaya nazo zilikuwa zinapata ada yao kwa kila mtoto hewa, yaani mlinzi analipwa kwa kila gunia linaloibiwa. Oktoba 2019 Gavana Newsom akasaini AB 1507 pamoja na mwenzake AB 1505, na kuanzia 2020 chata mpya lazima iwe ndani ya wilaya iliyoipa kibali, na vile vituo vya nje navyo vikabanwa.

Sasa upande wa pili, na mi naona unadharauliwa sana hasa na wale ambao kila chata kwao ni wizi.

Kwanza, wilaya unayoiomba kibali ndo hiyohiyo utakayoinyang'anya wanafunzi. Kila mtoto atakayekuja kwako anaondoka na hela yake, kwa hiyo unaomba ruhusa ya kufungua duka kwa mwenye duka la mtaa. Zamani bodi ikikukatalia kwa chuki ulikuwa na njia tatu: kukata rufaa kwa kaunti, kukata rufaa kwa bodi ya elimu ya jimbo, au kwenda wilaya nyingine yenye roho nzuri (au yenye njaa, sawa). AB 1507 imefunga njia moja, na AB 1505 ikabana rufaa ya jimbo mpaka uthibitishe kwamba waliokukatalia walitumia vibaya mamlaka yao, afu ikairuhusu wilaya iangalie pia chata itaiathiri vipi kifedha. Ukiziweka pamoja unapata jaji ambaye ana maslahi kwenye kesi, na mlango umebaki mmoja na nusu.

Pili, siasa. Hizi sheria hazikuletwa na wizi wa A3 peke yake. Januari 2019 walimu wa Los Angeles waligoma, mwezi uliofuata Oakland, na chata ilikuwa moja ya hoja kubwa. Utafiti wa 2018 ulikadiria kwamba chata zinaigharimu wilaya ya Oakland dola milioni 57 kwa mwaka, maana watoto wakiondoka wachache wachache kila darasa huwezi kufunga shule wala kupunguza walimu, gharama zinabaki palepale. Hiyo hoja ni ya kweli kabisa. Ila ni hoja ya kulinda bajeti ya wilaya, na ukiisikiliza vizuri haisemi chochote kuhusu kama mtoto anajifunza au hajifunzi.

Na baadhi wanajifunza. Kituo cha utafiti wa elimu cha CREDO, cha Chuo Kikuu cha Stanford, 2015 kilikuta wanafunzi wa chata za mijini Marekani wanapata kama siku 40 za ziada za hesabu kwa mwaka na 28 za kusoma ukiwalinganisha na wenzao wa shule za kawaida, na waliofaidika zaidi ni watoto weusi na Walatino wa familia za kipato cha chini. Pale City Heights, San Diego, mtaa uliojaa wakimbizi kutoka Afrika Mashariki, kuna chata inaitwa Iftin ambayo imetoka ndani ya jamii ya Wasomali kwa sababu watoto wao walikuwa wanapotea kwenye shule kubwa. Huwezi kuiweka hii kapu moja na A3. Ila huohuo mwaka 2015 CREDO wakaangalia chata za mtandaoni, na kule matokeo ya hesabu ni pungufu kwa siku 180, ambao ni mwaka mzima wa shule, yaani kama vile mtoto hakufundishwa hesabu kabisa. Na chata za mtandaoni na za kusomea nyumbani ndo hasa zilizokuwa zinakimbilia kwa akina Dehesa.

Hapo ndo msimamo wangu ulipo. Sheria ya mipaka ni sahihi kwa shule yenye jengo, kwa sababu jengo lina jirani, lina barabara, lina mzazi anayeweza kwenda kwenye kikao cha bodi akapiga kelele na uchaguzi ukifika akawanyima kura. Wapiga kura wa Newhall hawakuwa na namna ya kuing'oa bodi ya Acton. Lakini kwa shule isiyo na jengo mpaka unakuwa nini? Chata ya kusomea nyumbani bado inaandikisha watoto wa kaunti yake yote na kaunti zinazopakana nayo, kwa hiyo wilaya ya wanafunzi 150 bado inaweza kuwa bosi wa maelfu. Wabunge wenyewe waliliona hilo, ndo maana AB 1505 ikasimamisha chata mpya za aina hiyo kwa miaka miwili, na usimamishaji ukaongezwa baadaye. Kuahirisha tu.

Halafu umbali sio ugonjwa wenyewe. Juni 2025 mkaguzi wa jimbo alitoa ripoti kuhusu Highlands, chata ya Sacramento inayofundisha watu wazima, wengi wahamiaji wanaojifunza Kiingereza, akasema imepokea zaidi ya dola milioni 180 ambazo haikustahili. Aliyekuwa anaisimamia sio wilaya ya porini, ni Twin Rivers, wilaya kubwa ya palepale, na naye kaambiwa usimamizi wake haukutosha. Mwaka huohuo bunge likapitisha mswada wa SB 414 wa kukaza ukaguzi wa chata, Newsom akautia veto.

Mi ningeanza na ada. Asilimia 1 isiende kwa aliyetoa kibali, iende kwenye mfuko wa kaunti au wa jimbo ambao ndo unaolipa wakaguzi, na wilaya ilipwe kwa kazi iliyofanyika, sio kwa vichwa vilivyoandikishwa. Chata za mtandaoni vibali vyake vitolewe na jimbo moja kwa moja, kwa sababu wanafunzi wake wametapakaa kaunti nyingi. Na yule anayeomba kufungua shule yenye jengo mtaani abaki na wilaya yake, ila akikataliwa arudishiwe rufaa ya kweli mbele ya mtu ambaye hapotezi hela akisema ndiyo.